Kumtayarisha Mtoto kwa Shule ya Sekondari

Wazazi wengi hudhani ya kuwa kumtayarisha mtoto kwa shule ya sekondari ni kumnunulia sare, godoro na sanduku. Vitu hivyo vyahitajiwa, na twajua ya kuwa hugharimu fedha nyingi. Lakini sanduku halimfundishi mtoto kuamka, wala godoro halimwambii la kufanya akionewa. Matayarisho yaliyo bora hufanywa nyumbani, na hayana budi kuanza mapema.

Yafaa kwanza kuifahamu njia yenyewe. Tangu mwaka 1985 watoto wa Kenya walisoma miaka minane katika shule ya msingi, kisha wakafanya mtihani wa kumaliza, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi mtoto husoma miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, na mitatu ya sekondari ya juu. Wanafunzi wa kwanza wa utaratibu huu waliingia gredi ya 7 mwaka 2023, na gredi ya 10 mwaka 2026. Kwa hiyo mtoto huvuka mara mbili.

Hatua ya kwanza huweza kumdanganya mzazi, kwa kuwa gredi ya 7 mara nyingi imo katika uwanja ule ule wa shule ya msingi. Mtoto hupita lango lile lile, lakini masomo yamebadilika: sasa ni tisa, na ufundi umo ndani yake. Basi mtoto azoee kuandika ratiba yake, na kumaliza kazi aliyopewa pasipo kukumbushwa.

Wala mzazi asiudharau mtihani wa gredi ya 6 kwa sababu haumzuii mtoto kuendelea. Mtoto apangiwapo sekondari ya juu, mtihani huo huhesabiwa asilimia 20, kazi za gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa gredi ya 9 asilimia 60.

Katika gredi ya 9 mtoto huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, ufundi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mzazi asimchagulie kwa kutaka sifa mbele ya majirani. Na aulize walimu mtoto hufanya kazi gani kwa bidii bila kusukumwa.

Hatua ya pili ndiyo iwatoayo wengi nyumbani. Bwenini hapana mama wa kumwamsha mtoto. Kwa hiyo, kabla ya siku ile, afue nguo zake mwenyewe, atandike kitanda, na aamke bila kuitwa. Apewe fedha kidogo za juma zima, kisha aeleze alivyozitumia. Akikosea nyumbani, hasara ni ndogo.

Tena aambiwe kweli. Wako wamtishao mtoto ya kuwa atakiona cha mtema kuni, na wako wamwambiao ya kuwa hapana taabu yo yote. Wote hukosa. Aambiwe ya kuwa majuma ya kwanza atawatamani watu wa nyumbani, na ya kuwa hali hiyo hupungua. Aambiwe ya kuwa alama zake zaweza kushuka, kwa maana atakaa na wengi waliokuwa hodari katika shule zao. Akionewa na wanafunzi wakubwa, amwambie mwalimu upesi. Kusema si uoga. Na mama au shangazi azungumze na binti habari za hedhi, asije akapatwa na jambo hilo ugenini bila kujua la kufanya.

Mtoto asiyeweza kusema shida yake ndiye atorokaye shule, na karo ikapotea pamoja na nafasi yake. Samaki mkunje angali mbichi. Basi, wazazi, kabla ya kwenda dukani na orodha ya vitu, kaeni kwanza na mtoto, mzungumze.