Saa za Injini na Vumbi la Ngorongoro

Mwenye mashua ya dizeli huko Unguja au Kilwa hana haja ya kuuliza injini yake imekwenda maili ngapi, kwa kuwa mashua ishindanayo na mkondo yaweza kuunguruma asubuhi nzima na isisogee ila masafa machache. Yeye huhesabu saa, na saa zikitimia mia moja au mia mbili, kwa kadiri walivyoagiza wenye kuiunda, huimwaga oili, akabadili chujio, akaikagua na pampu ya maji ya chumvi. Karatu, mji uliokaa kiasi cha meta 1,500 juu ya bahari hiyo, hauna mashua, lakini injini za jinsi ileile zimejaa humo, katika magari ya watalii, katika matrekta ya mashamba ya ngano, na katika mashine za kusagia mahindi. Na ajabu ni kuwa trekta huhudumiwa kwa saa kama mashua, ilhali gari, litokalo alfajiri kwenda kutambaa ndani ya kreta ya Ngorongoro mpaka alasiri, huhudumiwa kwa kilomita. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba hesabu ya mashua ndiyo ingelifaa gari la Ngorongoro, na kwamba hesabu ya kilomita huwatia wenye magari hasara wasiyoiona.

Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliyekamilisha mashine yake huko Augsburg mwaka 1897 na kutoweka usiku mmoja wa Septemba 1913 katika meli iliyokuwa ikivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza, aliijenga juu ya kanuni moja tu: hewa ikibanwa kwa nguvu hupata moto, na ikibanwa sana hupata moto wa kuwasha mafuta pasipo kiberiti. Katika injini ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo moyo wa Land Cruiser za kaskazini ya Tanzania, hewa hubanwa zaidi ya mara 22, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500, ndipo noseli ikarusha dizeli kama ukungu mwembamba na mwako ukatokea. Basi chakula cha kwanza cha injini hii ni hewa, na mafuta hufuata. Na hapo ndipo mlima unapoanza kudai haki yake.

Ukingo wa kreta uko kiasi cha meta 2,300 juu ya bahari, na shinikizo la hewa pale ni kama robo tatu tu ya lile la Tanga au Bagamoyo. Injini isiyo na turbo, ivutayo hewa kwa pumzi yake yenyewe, hupata pale pungufu ya humusi nzima ya hewa iliyoizoea pwani, na nguvu zake hupungua kwa kiasi hichohicho. Lau pampu ya mafuta ingekuwa na akili ya kupunguza dizeli kwa kadiri ya hewa iliyopo, madhara yangekuwa machache; ziko pampu zilizotiwa kifaa cha kazi hiyo, lakini pampu iliyopimwa kwa nchi za chini, au iliyofunguliwa skrubu kidogo na fundi ili gari "lipate nguvu", huendelea kumimina mafuta yaleyale ambayo hewa yake haipo. Mafuta yasiyopata hewa hayaungui yakaisha. Hugeuka masizi, na huo moshi mweusi tuuonao nyuma ya gari lipandalo kutoka sakafu ya kreta, mpando wa meta 600 kwa gia ndogo, ni sehemu tu ya masizi hayo. Sehemu nyingine hupenya kando ya ringi za pistoni ikaingia ndani ya oili, ikaitia weusi na uzito kabla ya wakati wake. Maji nayo huchemka upesi zaidi huko juu, kwenye nyuzi 92 badala ya 100, hata kifuniko cha rejeta kilicholegea, ambacho Dar es Salaam kingevumilika mwaka mzima, huku hulichemsha gari katika mpando mmoja.

Haya yote ni madogo yakilinganishwa na vumbi.

Ngorongoro ilikuwa mlima wa volkeno ambao kilele chake kiliporomoka ndani yake zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, kikaacha bakuli la kilomita za mraba zipatazo 260. Na udongo wa nchi ile, kuanzia wekundu wa Karatu hadi uvumbi wa kijivu wa tambarare zielekeazo Serengeti, ni mawe na majivu ya volkeno yaliyosagika kwa dahari na dahari. Madini yaliyomo, feldspa na wenzake, yana ugumu wa kulikwaruza chuma. Lami iliyojengwa kutoka Makuyuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 hukomea lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro, na kutoka hapo gari huingia katika njia ya udongo, aghalabu nyuma ya magari mengine. Sasa natufanye hesabu kidogo. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta hewa ya kiasi cha lita 4,000 katika dakika hiyo, yaani kama meta 250 za ujazo kwa saa. Katika vumbi zito, lile la kumfanya dereva asiione boneti yake, wahandisi huhesabu gramu moja ya vumbi kwa kila meta ya ujazo. Saa moja ya kufuatana katika wingu la namna hiyo, kama lingedumu, ingelileta mlangoni pa injini robo kilo ya mawe yaliyosagwa. Na chujio la karatasi likizuia sehemu 99 katika 100, bado gramu mbili na zaidi zimeingia ndani.

Mtazame fundi stadi wa Karatu alikaguapo gari jioni, wakati wageni wamekwisha kwenda kulala. Hafungui kwanza chujio la hewa. Hufungua bomba la mpira lililo baada ya chujio, lile liendalo kwenye injini, akaingiza kidole akakipitisha ndani kote, kisha akakileta kwenye mwanga wa tochi. Kidole kikitoka safi, ama chenye unyevu mdogo wa oili, hunyamaza akaendelea. Kikitoka na ungaunga mwekundu, amekwisha kujua kwamba chujio limepasuka, au klipu imelegea, au mpira umefanya ufa, na kila kilomita iliyokwenda gari hilo tangu ufa ule imekwenda kwa kujisaga. Gharama ya klipu ile ni akali ya fedha asiyojali mtu. Gharama ya kuifungua injini ili kutia ringi na kuchonga silinda upya ni jambo la kuuza ng'ombe.

Kuna tabia moja hapa ambayo sina budi kuipinga, ingawa hufanywa kwa nia njema: kulipiga chujio upepo kila jioni. Chujio la karatasi huchuja vyema zaidi likiwa limekwisha kupata utando mwembamba wa vumbi, kwa kuwa vumbi lililotangulia huziba matundu makubwa na kulizuia lile lifuatalo. Chujio jipya kabisa, au lililopigwa upepo hivi punde, ndilo lipitishalo zaidi. Fauka ya hayo, mpira wa upepo ukisogezwa karibu mno hutoboa matundu yasiyoonekana mpaka uweke taa ndani na kutazama nje. Kupigwa upepo mara chache, kwa nguvu ndogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha kubadilishwa, ni bora kuliko usafi wa kila siku.

Turudi kwenye hesabu. Injini ya namna hii hubeba karibu lita 10 za oili, na katika barabara ngumu huagizwa imwagwe kila kilomita 5,000. Lakini kilomita 5,000 za nani? Gari liendalo kwa mwendo wa 80 kwa saa katika njia ya Arusha na Makuyuni huzimaliza kwa saa 62 za injini. Gari jingine la jinsi ileile likitambaa kreta kwa mwendo wa 20, likasimama likiunguruma kumngojea faru ajitokeze kwenye nyasi, litazimaliza kwa saa 250, na zile za kuunguruma likiwa limesimama mita ya kilomita haizihesabu hata kidogo. Oili ya magari haya mawili, iliyoandikwa umri mmoja kwenye daftari, imefanya kazi moja kwa nne. Mwenye mashua angelicheka.

Asiyetaka kununua mita ya saa, kidude kidogo kifungwacho karibu na saa nyingine za mbele ya dereva na kuunganishwa na swichi ya shinikizo la oili ili kihesabu pale tu injini inapozunguka, anayo njia nyingine, nayo ni risiti za mafuta. Masizi hutokana na mafuta yaliyoungua, si na njia iliyopitwa. Kwa maoni yangu gari la Ngorongoro likimwagwa oili kila baada ya kunywa lita 600 au 700 za dizeli litakuwa limetendewa haki, popote lilipozinywea.

Kazi yenyewe haichukui muda. Kumwaga oili ikiwa bado ya moto, kubadili machujio, kufungua kile kizibo cha chini ya chujio la dizeli ili maji yaliyotuama yatoke, kukaza nati na kupaka grisi, ni kazi ya saa moja na nusu kwa fundi na msaidizi wake. Kizibo hicho kisidharauliwe: nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya pampu ya dizeli ni sehemu chache tu katika elfu za milimita, na tone la maji huko ni kutu. Mkanda wa taimingi, ambao gari huukumbusha kwa taa ukifika kilomita 100,000 au 150,000 kwa kadiri ya toleo, huchukua nusu ya siku, na ukikatika kabla ya hapo hupatanisha pistoni na valvu. Noseli na pampu zikihitaji kupimwa, aghalabu hupelekwa Arusha, kiasi cha kilomita 140, na hapo gari hulala. Ndiyo maana wenye busara huyaahirisha mambo hayo hadi masika, Aprili na Mei, wageni wanapokuwa haba.

Ama fedha, bei za mafuta hubadilishwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hivyo ni afadhali kuhesabu kwa lita. Kwa bei za miaka hii, lita moja ya oili nzuri huenda sawa na lita tatu hadi tano za dizeli. Oili yote ya huduma moja, basi, ni kama dizeli ya nusu tangi. Gari lenye kazi ya saa kumi kwa siku katika msimu wa Julai na Agosti hutimiza saa 250 kwa siku 25, maana yake huduma moja kila mwezi. Weka upande wa pili ada ya gari kushuka kreta, ambayo peke yake hupita dola 200, na ambayo hulipwa kabla gari halijashuka. Gari likifia karibu na msitu wa Lerai, ndani ya kreta, saa nne asubuhi, wageni wakahamishiwa gari lingine, ada imekwenda, siku imekwenda, na bado kuna kulivuta.

Wako wasemao kwamba injini mpya zenye turbo zitayaondoa haya. Turbo kweli huirudishia injini hewa ambayo mlima umeinyima. Lakini turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili, na noseli za siku hizi hurusha mafuta kwa shinikizo la mara kumi na zaidi ya lile la 1HZ, kupitia matundu membamba zaidi. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeafikiana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na hilo limezisaidia. Vumbi halikuwamo katika maafikiano hayo. Fundi aliyekuwa akiishi na 1HZ iliyovuja na kutoa moshi miaka mingine miwili kabla ya kuifungua, hatapewa muhula huo na injini mpya, na mwenye gari atakayeendelea kusoma kilomita peke yake atalijua hilo siku ya kuletewa bei ya noseli nne.