Mtoto Mwerevu Asiyemaliza Kazi

Katika nyumba zetu nyingi yuko mtoto ambaye masomo humwingia upesi kuliko wenziwe, na hata hivyo kazi zake hazitimii. Sura huisikia mara mbili akaishika. Hesabu huzitoa kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni. Lakini daftari kalisahau chuoni, kalamu hajui iliko, na kazi aliyopewa Jumatatu huianza Alhamisi usiku. Baba humwita mvivu, na mwalimu husema ya kuwa angeweza lau angetaka.

Hukumu hiyo ya kwamba mtoto hataki ndiyo yenye madhara makubwa, kwani akiisikia kila siku mwishowe huiamini. Wataalamu wa zama zetu wamebainisha kuwa nguvu ya kufahamu ni kitu kimoja, na nguvu ya kupanga kazi, kuianza na kuikumbuka mpaka iishe ni kitu kingine. Na hii ya pili hupevuka polepole, hata hupita miaka 20. Basi mtoto wa miaka 10 aweza kuwa na ya kwanza tele na ya pili haba. Tena aliyezoea kupata bila ya taabu hajui kupambana na lililo gumu. Akikutana nalo hulikimbia, asije akaonekana si mwerevu tena. Watu huona uvivu, kumbe ni hofu.

Bwana Mtume (S.A.W.) alipouona uhodari wa Zaid bin Thabit, kijana wa Madina, alimpa kazi yenye haja: ajifunze maandishi ya Mayahudi, apate kumsomea na kumwandikia barua. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Zaid aliyaweza kwa muda wa nusu mwezi. Naye Sayyidna Umar (R.A.) alimkalisha Ibn Abbas, angali kijana, pamoja na wazee waliopigana Badr, na wengine wakanung'unika kwa kuwa nao wana watoto wa rika lake. Vijana hao hawakuachwa na sifa tupu. Walipewa mzigo wa kadiri yao, na watu wakawategemea. Kwa hiyo si vibaya mzazi kumwomba mwalimu kwa adabu kwamba badala ya hesabu 50 nyepesi, mtoto apewe 10 ngumu.

Ama mpango, tusiutafute mbali. Mtoto asiyehisi saa ikipita huisikia adhana. Baada ya Alasiri na afanye somo moja tu, kwa robo saa, kisha apumzike. Kabla ya Isha mkoba ufungwe na kuwekwa mlangoni, mahali pale pale kila siku. Mzazi akae karibu naye na kazi yake mwenyewe, wala asimfanyie. (Kupiga kelele kutoka jikoni si kukaa karibu.)

Na ikiwa shida hiyo yaendelea kwa miezi, nyumbani, shuleni na chuoni pia, mtoto apelekwe kwa daktari apimwe macho na masikio, na iulizwe habari ya upungufu wa umakini. Hali hiyo huwapata hata watoto werevu sana, na werevu wao huificha mpaka masomo yanapokuwa mazito. Kombe na dua havizuii kwenda hospitali. Mzazi achukue na madaftari yenyewe, yale yaliyojaa na yale yaliyoachwa nusu, daktari ayaone.