Ufito wa Kuvulia Tunutu Usipimwe kwa Nguvu

Wengi wanaonuia kununua ufito wa kuvulia trauti katika mito ya Nyandarua na Mlima Kenya huuliza kwanza habari ya nguvu: je, utaurusha mshipi umbali gani? Swali hilo lina mashiko kwa avuaye ziwani. Kwa akusudiaye kuvua kwa tunutu, humpotosha, na aghalabu humtoa shilingi nyingi pasipo faida.

Neno tunutu nalitumia kusudi. Tumezoea kumwita hivyo nzige mchanga asiyeota mabawa. Sioni kinachotuzuia kumwita vivyo hivyo mdudu mchanga wa majini, ambaye ndiye chakula kikubwa cha trauti. Mwigo wake hufungwa kwa manyoya na nyuzi kwenye ndoana, ukatiwa uzito kidogo ili uzame.

Hapo ndipo penye kazi. Nzi bandia aeleaye juu huonekana akimezwa, tunutu haonekani. Trauti humtia kinywani, akamwonja na kumtema kufumba na kufumbua. Habari hiyo humfikia mvuvi kwa kutikisika kwa mshipi na kwa ncha ya ufito. Basi ncha na iwe laini, yenye kuhisi, lakini shina la ufito liwe imara, la kumzuia samaki akimbiliaye mizizini. Ncha ngumu hukata uzi mwembamba, na samaki akaenda zake.

Fito hupewa namba kwa kadiri ya uzito wa mshipi unaozifaa. Anayeanza huuziwa sana ule wa futi 9, namba 5, eti wafaa kila kazi. Sisemi ni mbovu. Lakini avuaye kwa tunutu hutupa karibu, pengine futi 20 au 30, kisha huuinua ufito ili mshipi usilale majini. Ukilala, mkondo huuvuta, na tunutu akabururwa mbio kuliko maji yenyewe. Trauti naye hatanabahi kwa kuchelewa! Urefu, basi, una thamani kuliko nguvu.

Ulaya, katika mashindano, hutumiwa fito za futi 11 au zaidi. Tusiige kwa pupa. Katika Gura, mto ambamo Ewart Grogan alitia trauti kutoka Uskoti mnamo 1905, au katika Thego, zipo sehemu ambazo matawi yameinamia maji, na huko futi 11 ni kujitafutia adha ya kunasua ndoana mitini. Mimi ningechagua futi 10, namba 3, wa nyuzi za kaboni. Fito za kale za mianzi zapendeza machoni, ila mkono ulioinuliwa kutwa huzijutia.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afunge kigurudumu cha kukunjia mshipi, kisha uuinue ufito mbele yako kwa dakika tano. Ukilemea upande wa ncha, jaribu kigurudumu kizito zaidi. Ukizidi kulemea, urudishe rafuni.