Kuchagua Kufuli la Difu kwa Gari la Mizigo

Wasikilizaji wetu, kila masika jambo lile lile huonekana katika barabara za udongo mweusi. Gari la mizigo, ambalo injini yake huyaendesha magurudumu yote manne, limesimama katika tope. Injini yavuma, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yazunguka kama pia, na mawili mengine, yaliyokanyaga mahali pakavu, hayajongei hata kidogo. Watazamaji hucheka wakisema kwamba manne yamekuwa mawili, wala hawakosei sana. Lakini ikiwa ndani ya gari yumo mgonjwa apelekwaye hospitali, hapo hapana kicheko. Leo twataka kueleza sababu ya jambo hili, na jinsi mwenye gari awezavyo kuchagua kufuli la difu asipoteze fedha zake bure.

Difu ni kile chombo chenye meno kilicho katikati ya ekseli, nacho kilibuniwa zamani za magari ya mvuke, kabla ya mwaka 1830. Kazi yake ni njema. Watazameni wanafunzi watembeao kwa mstari mmoja wanapogeuka: aliye ndani hukanyaga mahali pale pale, na aliye nje hupiga hatua ndefu. Magurudumu nayo ni hivyo. Yakiachana kwa mita 1.5, na gari likizunguka duara zima, lile la nje hutembea kama mita 9.4 zaidi ya lile la ndani, duara liwe kubwa au dogo. Pasipo difu, gurudumu moja lingeburuzwa na tairi lingelika upesi.

Walakini wema huo una hasara yake. Fikirini ng'ombe wawili chini ya nira moja, mnyororo wa mzigo umefungwa katikati ya nira. Mmoja akiteleza asipate pa kukanyaga, nira hupinduka upande wake, na mwenziwe, ajapokuwa na nguvu nyingi, hawezi kuvuta kuliko yule aliyeteleza. Difu hugawa nguvu vivyo hivyo, sawa kwa sawa. Gurudumu lililo katika utelezi likihitaji nguvu kidogo tu ili kuzunguka, lile lililo pakavu nalo hupewa kidogo hicho hicho, basi gari halitoki. Kufunga difu ni kama kuikaza nira isipinduke: fito mbili za ekseli huwa kama fito moja, na gurudumu lenye mahali pa kukanyaga hupokea nguvu yote.

Magari mengine, kama Range Rover ya mwaka 1970, huendesha magurudumu manne wakati wote, na kwa hiyo yana difu ya tatu, kati ya mbele na nyuma. Hiyo isipofungwa, gurudumu moja tu likiteleza laweza kulisimamisha gari zima. Mwenye gari la namna hiyo na aitumie kwanza kufuli hiyo aliyo nayo, kabla hajanunua nyingine.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Ipo difu yenye sahani zinazosuguana, ambayo hupunguza utelezi bila kufunga kabisa. Ni ya upole barabarani, lakini sahani huisha, nayo hutaka mafuta yake maalum. Gurudumu likining'inia hewani msaada wake ni mdogo. Ipo ile ijifungayo yenyewe dereva akanyagapo mafuta, na kujifungua penye kona. Ni imara, haina waya wala mpira wa upepo, lakini hupiga kelele, na katika njia ya utelezi iliyoinama upande yaweza kuutupa mkia wa gari mtaroni dereva asipotazamia. Ya tatu ni ile ifungwayo na dereva mwenyewe, kwa upepo, kwa umeme au kwa waya wa chuma. Bei yake ni kubwa na vifaa vyake ni vingi. Hata hivyo, kwa gari ambalo leo labeba mahindi na kesho labeba watu, sisi twaona ndiyo ifaayo. Isipofungwa, gari huenda kama lilivyokuwa.

Fedha zikitosha kwa ekseli moja tu, anzeni na ya nyuma. Huko ndiko uliko mzigo, na gari lipandapo kilima uzito hurudi nyuma. Difu ya mbele ikifungwa, usukani huwa mzito na viungo vya ekseli huweza kuvunjika pindi magurudumu yakikatwa. Ndiyo sababu swichi ya Toyota Land Cruiser yenye kufuli mbili hufunga ya nyuma kwanza, kisha ya mbele.

Kabla ya kulipa, fundi na ahesabu meno ya fito za ekseli na ya gia za difu, maana kufuli la gari moja halikubali gari jingine, hata kama magari hayo yafanana kwa nje. Tena fito zilizozoea nusu ya nguvu huenda zikaipokea yote siku hiyo; zikiwa zimechoka, zitakatika.

Fungeni kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama au likienda polepole sana, wala si wakati gurudumu linapozunguka kwa kasi. Mkifika kwenye lami, fungueni mara moja, kwani gari lililofungwa hukataa kona. Na kufuli lililolala mwaka mzima huweza kugoma siku ya haja: lijaribuni mara kwa mara penye mchanga, na mtazame kama mpira wa upepo haujasuguliwa na springi.