Mvuke Hauonekani

Mvuke halisi hauonekani. Tazama birika linalochemka: kati ya mdomo wake na lile wingu jeupe pana nafasi kama tupu, na humo ndimo mvuke ulimo. Weupe huanza pale mvuke unapopoa na kuwa matone madogo mno ya maji, yanayotawanya rangi zote za mwanga kwa pamoja. Ndiyo maana wapigapicha wa garimoshi hupenda baridi. Penye joto wingu huyeyuka upesi. Kwenye baridi kali hutanda juu ya mabehewa. Hadi 2005, treni za mvuke zilipokuwa bado zikipita huko, walimiminika kwenye milima ya Jingpeng, Mongolia ya Ndani nchini China, tena wakati wa baridi kali kabisa.

Wingu hilo lakini halina maana bila mwanga, na hapo mpigapicha O. Winston Link wa Brooklyn aliwaacha wenzake mbali. Kati ya 1955 na 1960 alipiga picha treni za Norfolk and Western, kampuni kubwa ya mwisho ya reli Marekani kung'ang'ania mvuke. Si ajabu: mzigo wake mkuu ulikuwa makaa ya mawe, yaleyale yaliyochemsha maji ya injini. Alichagua usiku kwa sababu jua hakuweza kulihamisha apendavyo.

Usiku nao una hesabu zake. Ukienda mbali mara mbili, mwanga wa taa hubaki robo tu, hivyo flashi moja haiwezi kufikia injini, mto na nyumba za jirani. Link alitandaza nyaya na balbu za kuungua mara moja, zenye nyuzi za metali ndani ya oksijeni. Kisha kasi: treni ya kilomita 100 kwa saa husogea karibu sentimita 28 katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Ikikujia kwa mshazari, ukungu wa mwendo hupungua pichani. Ikikukatiza mbele, huzidi. Balbu zikishaungua, treni hairudi nyuma. Moshi mweusi ungemezwa na giza. Mvuke mweupe ulipokea kila mwale.

Mwezi Agosti 1956, mjini Iaeger, West Virginia, aliwasha balbu 43 treni ikipita kando ya sinema ya wazi ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Mwanga ulikuwa mkali hata ukafuta picha kwenye skrini, akaipachika ndege inayoonekana pale kutoka negativu nyingine. Wapo watakaouita huo ulaghai. Mimi siuoni: alirudisha kwenye skrini kile ambacho balbu zake mwenyewe zilikuwa zimekifuta.