Redio Inayofanya Kazi Katika Baridi Kali

Mtu azungushapo kifungo cha redio akitafuta stesheni, hudhani kwamba redio yake kazi yake ni kupokea tu. Sivyo. Ndani ya redio nyingi mna chombo kidogo kiitwacho osileta, nacho chatoa mawimbi yake chenyewe. Tuseme stesheni yatangaza kwa kilohezi 1,000, yaani mawimbi yake hutetemeka mara milioni moja katika kila sekunde, na osileta yatetemeka kwa kilohezi 1,455. Mawimbi hayo mawili yakichanganywa, hutokea wimbi la tatu la kilohezi 455, ambayo ndiyo tofauti yake. Sauti ya mtangazaji haipotei; hushushwa tu mpaka mahali ambapo ni rahisi kuikuza. Wapiga gitaa wanalijua jambo hili. Wakipiga nyuzi mbili zilizokaribiana sana sauti, husikia mdundo wa tatu, wa polepole, ambao hauko katika uzi wowote.

Njia hii ilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hata leo ni nzuri. Shida huja masafa yanapokuwa makubwa mno. Gesi zilizo juu sana angani hutoa mawimbi ya redio, na kila gesi ina masafa yake, kwa hiyo anayeyasikia hujua ni gesi gani iliyopo. Lakini mengi ya mawimbi hayo ni ya mamia ya gigahezi, na gigahezi moja ni mitetemo milioni elfu kwa sekunde. Ni osileta gani itakayotetemeka kwa kasi hiyo, na bado iwe nyepesi?

Jibu lilianzia katika baridi. Mwaka 1911, huko Leiden katika nchi ya Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki mpaka kufikia nyuzi 269 za Sentigredi chini ya sifuri, akaona ukinzani wake wa umeme umetoweka kabisa. Kisha mwaka 1962 mwanafunzi wa Cambridge, Brian Josephson, mwenye umri wa miaka 22, alipiga hesabu akasema hivi: tukichukua metali mbili za namna hiyo, tukaweka kati yake utando mwembamba mno usiopitisha umeme, umeme utapenya tu. Tena, tukiweka volti kidogo, umeme huo utakwenda na kurudi kwa kasi kubwa ajabu. John Bardeen, ambaye alikwisha kupata Tuzo ya Nobel, aliandika kuipinga hesabu hiyo. Kijana hakuiondoa. Mwaka 1963 majaribio yalionyesha kwamba umeme hupenya kweli, na mwaka 1973 Josephson naye akapewa Tuzo ya Nobel.

Tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Chukua volti moja, uigawe mara elfu. Fungu moja tu la hayo latosha kuutetemesha umeme kwa gigahezi 483.6. Ukiongeza volti, masafa yapanda, ukipunguza, yashuka. Hakuna gurudumu wala uzi wa kukaza.

Basi wataalamu wa Urusi na Uholanzi walitengeneza osileta ya namna hii kwa metali iitwayo niobiamu. Ndani ya utando wake mrefu vifungu vidogo vya usumaku husafiri kwa mfuatano, kama ngalawa ziingiazo bandarini, na kila kimoja kifikapo mwisho hutoa wimbi moja. Nguvu yake ni ndogo sana, lakini yatosha, kwa sababu kichanganyio kiko pale pale kando yake. Vyote viwili vyakaa juu ya kipande chenye upana wa milimeta 4. Kazi ngumu, kwa maoni yangu, haikuwa kukitetemesha chombo bali kukituliza. Masafa yake hutangatanga kidogo, na mwenye kutaka kutambua gesi hawezi kuvumilia hayo, kwa hiyo hufungwa kwa umeme na osileta nyingine isiyoyumba, imwongozayo kama mpiga ngoma aongozaye wachezaji.

Chombo hicho, kilichoitwa TELIS, kilipozwa kwa heliamu ya majimaji kikapandishwa kwa baluni karibu na Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, katika miaka ya 2009, 2010 na 2011. Kilikuwa kikitafuta gesi ya klorini na oksijeni iliyoungana, kwa maana hiyo ni dalili kwamba ozoni yaliwa. Na ozoni ndiyo itukingayo na miali mikali ya jua. Klorini hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka katika gesi zilizotumika zamani katika majokofu, nazo hukaa angani miaka mingi. Mnamo Januari 2010 baluni ilikaa juu mpaka usiku ukaisha. Gizani gesi ile ilikuwa chache. Jua lilipochomoza, redio ile ya baridi ikaisikia ikiongezeka.