Mikindani: Lala, Usipite Tu

Marafiki wanaochangiana mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara hupenda kufika siku hiyohiyo. Lami na Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, vimerahisisha safari iliyokuwa ikitegemea kivuko. Lakini kilomita chache kabla ya Mtwara iko Mikindani, na hapo inafaa kulala. Boma lake lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, likaja kuchakaa, kisha likakarabatiwa na kuwa hoteli. Jengo la kale hudai chokaa, mbao na fundi kila mara. Gharama hizo hulipwa na anayelala, si na mpita njia anayepiga picha na kuondoka.

Wapo watakaosema boma ni alama ya utawala wa mabavu, na kulala humo ni kuupamba. Hoja hiyo ina uzito, ila kuta zikianguka, ushahidi wa mabavu hayo huanguka nazo. Wengine watalalamikia bei. Basi walale nyumba ya wageni, wale kwa mama lishe, na wamlipe mwenyeji awatembeze mji mkongwe. Kinachotakiwa ni fedha ya msafiri ibaki Mikindani.